Mgeni Asiyekuja kwa Miguu Yake

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya kiumbe mdogo ambaye wengi wetu hatujapata kumwona kwa macho, wala jina lake hatujapata kulisikia. Naye ni mnyama wa vidimbwi vya Ulaya, mwenye urefu wa kidole, asiyeuma mtu wala kuharibu shamba. Pengine msomaji atasema: "Ya nini kutusumbua na khabari za mnyama wa mbali, hali sisi tuna mengi ya kutushughulisha hapa kwetu?" Jawabu letu ni mambo mawili. La kwanza, jamaa zetu wengi siku hizi wanakaa Uingereza, Uholanzi na Marekani, na watoto wao hucheza kando ya vidimbwi hivyo hivyo tutakavyovitaja. La pili, kisa cha mnyama huyu si chake peke yake. Ni kisa cha mkono wa mwanadamu uchukuao kitu mahali kilipo na kukitia mahali pasipo pake, kwa mchezo au kwa huruma, kisha mwenye mkono akaenda zake. Na kisa hicho kiko kila mahali, hata majumbani mwetu.

KIUMBE MWENYEWE

Waingereza humwita nyuti, nasi tutatumia jina hilo. Mtu akimtazama kwa haraka humdhania kuwa mjusi, kwani ana miguu minne na mkia mrefu. Lakini mjusi ana magamba makavu, na nyuti ana ngozi laini yenye unyevu kama ya chura. Kwa hakika yeye ni wa jamaa ya salamanda, na salamanda na chura ni ndugu. Huku kwetu Afrika Mashariki hapatikani kabisa. Katika bara lote la Afrika, jamaa ya salamanda hukaa kaskazini tu, katika nchi kama Moroko, Aljeria na Tunisia.

Maisha yake ni ya namna mbili, majini na nchi kavu. Baridi ya Ulaya ikiisha huingia majini kuzaa. Jike hutaga yai moja moja, na kila yai huliweka juu ya jani la mmea wa majini, kisha hulikunja jani lile kwa miguu yake ya nyuma ili kulificha yai. Msomaji alishike jambo hili la jani, kwani tutalirudia. Yai likianguliwa hutoka kiluwiluwi mwenye matamvua ya kupumulia kando ya kichwa. Akisha kukua matamvua hupotea, naye hutoka nchi kavu akakaa chini ya mawe na magogo, akila wadudu na minyoo, hata majira ya kuzaa yarudi.

Uingereza ina nyuti wa asili wa aina tatu. Wa kwanza ni nyuti wa kawaida. Wa pili ni nyuti wa miguu ya utando. Na wa tatu ni nyuti mkubwa mwenye shungi, ambaye dume lake huota shungi mgongoni wakati wa kuzaa. Huyu wa tatu amepungua sana, na sheria ya huko humlinda kwa nguvu, hata mtu hawezi kufukia kidimbwi chake ili ajenge nyumba asipokuwa na ruhusa.

Zaidi ya hao watatu wako wageni, na ajulikanaye zaidi ni nyuti wa Alpi. Kwao ni bara la Ulaya, tangu Ufaransa hata Rumania, milimani na mabondeni. Ni mzuri wa kutazamwa: dume wakati wa kuzaa hugeuka buluu mgongoni, na tumbo lake ni rangi ya chungwa lisilo na doa. Uzuri huo ndio uliomtoa kwao.

NANI ALIYEMLETA?

Khabari za nyuti huyu katika mashamba ya Uingereza zaanza miaka ya 1920, katika kijiji cha Newdigate, jimbo la Surrey, kusini mwa London. Wakati ule wenye bustani walipenda kuchimba vidimbwi na kuvipamba kwa mimea na wanyama wa nchi za nje, na biashara ya wanyama hao haikuwa na mwenye kuizuia. Baadhi yao walitoroka, na baadhi walitolewa kwa makusudi. Tangu hapo nyuti wa Alpi ameonekana Kent, Birmingham, Sunderland, na hata Uskoti.

Sasa na tufikiri kidogo. Kutoka Surrey hata Uskoti ni mwendo wa mamia ya maili. Nyuti ana miguu mifupi, na safari yake kutoka kidimbwi kimoja hata kingine mara nyingi haizidi mita mia chache, tena huwa usiku wenye unyevu. Njiani mna barabara, mito na miji. Basi alifikaje huko? Jawabu halina fumbo: hakwenda, alichukuliwa. Na alichukuliwa kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya mnunuzi aliyechoka. Mtu humnunua mnyama dukani kwa uzuri wake, akamweka katika chombo cha kioo, na miezi ya mwanzo watoto wote humzunguka. Baadaye kazi ya kubadili maji na kutafuta minyoo huwa nzito. Kumwua hawezi, kwa kuwa ana huruma. Kumrudisha dukani aona taabu. Basi jioni moja humchukua hata kidimbwi cha jirani, akamwachia, na akarudi nyumbani na moyo mweupe, akijiona amemfanyia kiumbe hisani.

Njia ya pili ni ya zawadi. Jirani humpa jirani yake fungu la mimea ya majini kwa ajili ya kidimbwi kipya. Hakuna aliyekusudia kumpa mnyama. Lakini msomaji akumbuke lile jani lililokunjwa! Ndani yake mna yai, nalo halionekani ila kwa mwenye kulitafuta. Aliyepokea mmea amepokea na mgeni.

Njia ya tatu ni ya watoto na walimu. Mwalimu apenda wanafunzi wake waone jinsi kiluwiluwi anavyogeuka, naye mtoto apenda kuchota kila kitu kwa chupa. Viumbe huchukuliwa kutoka kidimbwi cha kijiji hiki wakatiwa katika kidimbwi cha skuli ya kijiji kile. Sisi walimu yafaa tuisikilize njia hii kwa masikio yote mawili, kwa sababu hapa mtoto hufundishwa kosa kwa jina la elimu.

Na mtu asidhani kwamba wachache hawana neno. Mwaka 1935 vyura wa mabwawani 12 tu, walioletwa kutoka Hungary, walitiwa katika kidimbwi cha bustani karibu na nyanda za Romney Marsh, jimbo la Kent. Walitoka bustanini, wakakuta mifereji mingi isiyo na mshindani wa namna yao, na kwa miaka michache sauti yao ikajaa nyanda zile. Baadaye wakaenea Kent na Sussex. Vyura 12 huenea katika ndoo moja, lakini kizazi chao hakuna awezaye kukirudisha ndooni.

Serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya wanyama wa porini mwaka 1981, na ndani yake imetajwa orodha ya viumbe ambao ni kosa kuwaachia wakaenda porini. Nyuti wa Alpi yumo katika orodha hiyo, na nyuti wa Kiitalia mwenye shungi yumo pia. Lakini sheria ilikuja miaka kama 60 baada ya Newdigate, na hakuna askari wa kusimama kila kidimbwi. Jambo hili limebaki mikononi mwa watu wenyewe.

MADHARA YAKO WAPI?

Hapa yatupasa kusema kweli yote, si nusu yake. Katika vidimbwi vingi vya Uingereza nyuti wa Alpi ameishi pamoja na wenyeji miaka mingi, na hapakuonekana vita baina yao. Hula mayai na viluwiluwi vya wenzake, lakini nyuti wenyeji nao hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo wako watu wasemao: "Mbona hana ubaya? Mwacheni." Neno hili lina sura ya haki, na lastahili jawabu la haki. Nasi twasema kwamba madhara yako katika mambo mawili ambayo mwenye kusimama ukingoni hayaoni.

Jambo la kwanza ni nasaba. Katika bonde la Geneva, nchi ya Uswisi, aliletwa katika karne iliyopita yule nyuti wa Kiitalia mwenye shungi. Naye ni jamaa wa karibu wa nyuti mkubwa mwenye shungi aliyekuwa mwenyeji wa pale, na hao wawili huweza kuzaa pamoja. Hapakuwa na mapigano. Walichanganyika tu, kizazi baada ya kizazi, hata wataalamu walipochunguza damu za nyuti wa bonde lile wakakuta kwamba nasaba ya mgeni imeenea na ya mwenyeji imefifia sana. Mchanganyiko wa namna hiyo umeonekana Uholanzi pia. Mtu akipita kando ya kidimbwi atawaona nyuti wenye shungi kama zamani, akasema hakuna kilichobadilika, kumbe yule wa asili anaondoka kimya kimya.

Jambo la pili ni maradhi, nalo ndilo kubwa zaidi. Chura na nyuti hawanywi maji kwa kinywa kama sisi. Hunywa kwa ngozi. Hupumua kwa ngozi pia, na chumvi zilizomo mwilini mwao hupimwa na ngozi. Basi ngozi kwao ni kama mapafu na figo kwetu. Mwaka 1998 wataalamu walitambua kuvu ndogo isiyoonekana kwa jicho tupu, iotayo katika ngozi hiyo. Kuvu ikisha kuota, chumvi za mwili huharibika, na mwisho moyo wa mnyama husimama. Mbegu zake huogelea majini, nazo huchukuliwa na maji, tope, nyavu, viatu, na zaidi ya yote na mnyama mwenyewe anayehamishwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba maradhi haya yamechangia kupungua kwa aina zisizopungua 501 za vyura na jamaa zao duniani, na kwamba 90 katika hizo hudhaniwa kuwa zimekwisha kabisa. Na nyuti wa Alpi waliokamatwa katika vidimbwi vya Uingereza wamekutwa na kuvu hii katika ngozi zao.

Haikuishia hapo. Katika msitu wa Bunderbos, kusini mwa Uholanzi, walikuwako salamanda wazuri weusi wenye madoa ya njano. Kuanzia mwaka 2010 watu wakawaona wamekufa njiani. Hata kufika mwaka 2013, katika kila 100 waliokuwako walisalia chini ya 5. Mwaka huo huo ikatambulikana kuvu ya pili, nduguye ile ya kwanza, ambayo khasa hula ngozi ya salamanda na nyuti. Uchunguzi wa mwaka uliofuata ukaonyesha kwamba asili yake ni bara la Asia, ambako wanyama wa huko wameizoea, na kwamba hupelekwa Ulaya pamoja na biashara ya wanyama wa kufugwa. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba imekutwa katika salamanda waliofugwa na watu nchini Uingereza kwenyewe. Tena mwaka 2017 ikaonekana kwamba nyuti wa Alpi aweza kuipata kidogo, asife, akaenda nayo akiwaambukiza wengine.

Hapo ndipo jawabu la wale wasemao "hana ubaya". Mnyama aliye mzima machoni si dalili kwamba maji aliyokuja nayo ni salama. Mwenye kuachia nyuti mmoja kidimbwini haachii nyuti peke yake; ameachia kila kilichomo ndani ya ngozi yake, naye hakijui.

KISA KILICHOPATA KWETU

Msomaji asije akadhani kuwa maradhi haya ni ya Wazungu na vidimbwi vyao. Katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, Tanzania, aligunduliwa mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu, atoshaye juu ya ukucha wa kidole gumba, naye hazai mayai bali huzaa watoto walio hai. Duniani kote hakuwa na makao ila pale, katika hekta chache zilizokuwa zikirushiwa manyunyu na maporomoko ya maji.

Mwaka 2000 maji mengi ya mto yaligeuzwa kwenda kuzalisha umeme, na manyunyu yakapungua. Wahusika wakatandika mabomba ya kunyunyiza maji ili kumnusuru, na idadi yake ikapanda tena, hata Juni mwaka 2003 vyura wale walikadiriwa kukaribia 20,000. Kisha mauti yakaingia kwa ghafula. Kufika Januari mwaka 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Na katika ngozi za waliokufa ikakutwa kuvu ile ile ya kwanza tuliyoitaja. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi hayuko tena porini.

Alisalia kwa sababu moja tu: vyura 499 walikuwa wamechukuliwa mwishoni mwa mwaka 2000 wakapelekwa kutunzwa Marekani. Watoto wao walirudishwa Dar es Salaam mwaka 2010, na mwaka 2012 baadhi yao wakarejeshwa korongoni. Tazameni jinsi kazi ilivyokuwa: ndege, wataalamu, vyumba maalumu, fedha nyingi, na miaka 12, ili kumrudisha kiumbe mdogo kuliko kipande cha sarafu katika mahali alipokuwa akikaa bure. Hivyo ndivyo wahenga walivyosema, maji yakimwagika hayazoleki. Na yakizoleka, huzolewa kwa kijiko.

Wala si vyura peke yao. Gugu-maji lina asili ya Amerika ya Kusini. Lilichukuliwa nchi nyingi kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, kupamba vidimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, na baada ya muda mfupi likafunga ghuba na bandari, hata mvuvi akashindwa kupitisha mtumbwi wake. Hilo nalo halikuja kwa miguu.

JE, MGENI NDIYE MKOSAJI?

Tumesema mengi juu ya nyuti, na sasa twapenda kumtetea. Tulitaja kwamba nyuti wa kawaida ni mwenyeji wa Uingereza. Huyu huyu alikuwa akiuzwa Australia kama mnyama wa kufuga, hata mwaka 1997 alipopigwa marufuku katika jimbo la Victoria. Mwaka 2011 akaonekana anazaana katika mifereji ya viunga vya Melbourne, nchi ambayo tangu asili haikuwa na nyuti wala salamanda yeyote. Mnyama ni mmoja, tabia yake ni moja: kwao ni pambo la kidimbwi, na kule ni msiba. Ubaya haumo katika mwili wake, bali katika safari aliyosafirishwa.

Kadhalika mwaka 2013 nyuti wa Alpi alionekana katika rasi ya Coromandel, nchi ya New Zealand. Rasi hiyo ina vyura wa asili wa kale sana. Ni wachache, na hawapatikani nchi nyingine yoyote. Serikali ikaogopa maradhi, ikaamuru nyuti wale watafutwe na kuondolewa. Wakatega mitego, wakakausha vidimbwi, wakawaua kwa mamia.

Kijana mwenye moyo laini atauliza: "Je, ni haki kumwua mnyama ambaye hakujileta mwenyewe?" Swali hili ni jema, na hatutalipita. Sisi twaona kwamba waliofanya kazi ile walibanwa na dharura. Wangaliwaacha wageni, huenda wangaliwapoteza wenyeji wasio na mahali pengine pa kukimbilia. Lakini ni huzuni kwamba kosa lilifanywa na mtu na adhabu ikamshukia mnyama. Yule aliyemwachia wa kwanza hakuwako siku ya mitego. Huenda hata leo hukumbuka jioni ile kama siku aliyotenda wema.

Basi hili ndilo neno tulilokusudia mwezi huu: huruma inayoishia mlangoni pa mwenye kuhurumia haijawa huruma bado. Mwenye kumwachia mnyama amejiondolea mzigo wake yeye, na mzigo ule amewatwika wengine: vyura wasiomjua, jirani wa mbali, na yule mfanyakazi atakayekuja na mitego baada ya miaka 20. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu jembe ni letu sisi tuliomwita.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, kabla hujanunua mnyama yeyote, awe samaki, kobe, chura au nyuti, uliza ataishi miaka mingapi. Nyuti aliyetunzwa vizuri aweza kuishi miaka zaidi ya 10. Mtoto aliyemwomba akiwa na miaka 8 atakuwa kijana, na mnyama yungali hai. Kama nyumba haiwezi kumtunza muda huo, haifai kumnunua. Kumkatalia mtoto leo ni kheri kuliko kumfundisha kutupa kesho.

Pili, ukiwa naye tayari na umeshindwa, usimwachie mtoni, ziwani wala kidimbwini, hata kama pana maji mazuri na chakula tele. Mrudishe kwa muuzaji, au mtafutie mtu mwingine mwenye kufuga, au uwaulize madaktari wa wanyama. Kwa wale wanaokaa Ulaya na Marekani, vyama vya kutunza wanyama viko karibu kila mji.

Tatu, maji ya chombo cha kufugia usiyamwage mferejini upelekao maji mtoni. Mimea iliyotoka chomboni usiitupe ziwani. Iache ikauke kabisa juani kwanza. Na apewaye mmea wa kidimbwi aukague jani kwa jani, na ajue mmea huo umetoka wapi.

Nne, wanaochimba kidimbwi kipya, nyumbani au skuli, wasikijaze viumbe kwa ndoo. Wataalamu wa huko husema kwamba kidimbwi kilichochimbwa pema na kuachwa kitulie, nyuti na vyura wa karibu hukiona wenyewe na kukiingia baada ya muda. Hapa darasa lina faida kubwa zaidi, kwa kuwa watoto wataandika siku aliyofika wa kwanza, nao watajifunza subira pamoja na elimu ya viumbe.

Tano, mwenye kutoka kidimbwi kimoja kwenda kingine, kwa uvuvi au kwa matembezi, na afanye mambo matatu ambayo Uingereza hufundishwa watu wote: angalia, safisha, kausha. Angalia viatu na nyavu kama zina tope au majani, zisafishe, kisha ziache zikauke barabara, maana kuvu hizi hupenda unyevu na hufa katika ukavu. Ni kazi ya dakika chache, na haina gharama.

Na serikali nazo zina sehemu yake. Marekani, iliyo na salamanda wa aina nyingi kuliko nchi yoyote, ilizuia mwaka 2016 kuingizwa nchini kwa aina 201 za salamanda, kabla ile kuvu ya pili haijaonekana katika misitu yake. Huo ni mfano wa kuziba ufa kabla ya kujenga ukuta. Lakini mtu asingoje sheria. Sheria hukaa bandarini, na mtoto mwenye chupa yuko uani.

Wazazi, tunawaomba jambo moja jepesi. Mtakapomwona mtoto anarudi na kiumbe ndani ya chupa, msimpige wala msimcheke, kwani kupenda kutazama viumbe ni mlango wa elimu. Kaeni naye, mtazameni pamoja, mhesabu miguu na vidole. Kisha shikeni njia naye mrudi mahali pale pale alipomtoa, si penginepo, na yeye mwenyewe kwa mkono wake amrudishe. Kama amesahau mahali, msaidieni kukumbuka. Matembezi hayo mafupi yatamfundisha zaidi ya kurasa hizi zote.

Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya visima vya mitaa na utunzaji wake. Wenye maswali na watuandikie.